Ukimjeruhi Kulungu kwa Mshale na Usimpate: Mwongozo Kamili, Tangu Mshale Unapotoka Hadi Theluji Inapoyeyuka

Ilikuwa jioni ya Novemba, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Nilikuwa juu ya dungu, mita tano hivi kutoka ardhini, nimeegemea mwaloni uliokwisha kupukutisha majani. Kulungu dume mchanga akapita mita 24 kutoka shina la mti. Nikaachia upote, yaani kamba ya upinde. Nikasikia mlio ambao kila mwindaji wa upinde anaujua na hakuna anayeutaka. Haukuwa mlio mkavu wa mbavu. Ulikuwa mzito, kama mtu amepiga kiriba cha maji. Yule mnyama akakunja mgongo, akaruka hatua chache, kisha akatembea polepole kuingia kichakani, kichwa chini.

Usiku ule sikumpata. Kesho yake sikumpata. Wiki nzima nilikuwa nikifumba macho namwona alivyokunja mgongo.

Nawaandikia wenzangu waliohamia huku na kujifunza upinde kwa majirani kama nilivyojifunza mimi. Kulungu ninayemtaja ni huyu wa Marekani mwenye mkia mweupe, ambaye pembe zake hudondoka kila mwaka na kuota upya. Si kulungu wa misitu ya kwetu. Nitaeleza ya kufanya kwa utaratibu, maana nimejionea kwamba maumivu ya kumpoteza mnyama hupungua kwa kiasi ulivyomtafuta. Aliyetafuta nusunusu ndiye hukosa usingizi muda mrefu.

Kwanza, fahamu mshale unavyoua

Risasi huvunja na kupasua kwa kishindo. Mshale hukata tu. Chembe chake, yaani ncha ya mbele, ni wembe, na kifo huja kwa kuvuja damu au mapafu kunywea. Kulungu wa kilo 70 ana damu ya lita 4 hivi, na kwa kawaida hupoteza theluthi moja au zaidi kabla ya kuanguka. Mshale ukipita katika mapafu yote mawili, hilo hutimia kwa sekunde chache, naye huanguka akiwa amekimbia mita 100 hivi. Ukipita kwenye ini, ni saa kadhaa. Ukipita tumboni, inaweza kuwa nusu siku au zaidi.

Kwa hiyo mnyama aliyekimbia akatoweka si lazima awe amepotea. Waliopotea wengi walipotezwa na mwindaji mwenyewe, katika saa ya kwanza, kwa haraka yake. Mimi ni mmoja wao.

Dakika kumi za mwanzo: usishuke

Baada ya kuachia mshale mwili hutetemeka, moyo hudunda hadi masikioni. Kaa hapohapo. Kazi yako wakati huo ni kuona na kusikia, na kumbukumbu ya dakika hizo ndiyo itakayokuongoza baadaye.

Angalia alivyofanya alipopigwa. Akirusha miguu ya nyuma juu kama punda na kukimbia chini kwa chini, mara nyingi umepiga moyo au mapafu. Akikunja mgongo na kutembea kwa kujivuta, umepiga tumbo au ini. Kariri mti wa mwisho aliopita ukimwona, na usilinganishe kwa kukisia. Tafuta alama isiyofanana na nyingine, kama gogo lenye ukungu mweupe au jiwe. Sikiliza kama kuna kishindo cha kuanguka. Tazama saa. Piga picha ya upande aliokwenda ukiwa bado juu, kwa sababu ukishuka kila kitu kitaonekana tofauti kabisa. Hili la picha nililidharau, na nilipofika chini nilianza kutafuta pembeni mwa njia yake halisi.

Kama umeona wazi kwamba hakuanguka, ondoka kwa kimya kupitia upande mwingine. Kama mshale uko karibu na unaweza kuufikia bila kelele, nenda kautazame, kisha urudi.

Mshale ndio shahidi wako wa kwanza

Damu nyekundu ya kung'aa yenye vipovu vidogo ni ya mapafu. Subiri nusu saa hadi saa moja, ufuate.

Damu nyekundu nzito, ya rangi ya kuiva kama maji ya zambarau, isiyo na povu, ni ya ini. Subiri saa nne hadi sita. Kama jioni imeingia na baridi ipo, ngoja asubuhi.

Damu chache iliyochanganyika na uchafu wa kijani au kahawia, na harufu ya samadi ukinusa mshale, ni ya tumbo au utumbo. Nusa kweli, usione haya. Hapa subiri saa nane hadi kumi na mbili. Mnyama aliyepigwa tumboni kwa kawaida hulala karibu, mara nyingi ndani ya mita 200, akiachwa atulie. Atafia palepale. Ukimfuata mapema atanyanyuka, na akinyanyuka mara ya kwanza anaweza kwenda kilomita nzima bila kudondosha tone, kwa sababu mafuta na utumbo huziba tundu.

Damu nyekundu safi, nyingi mwanzoni, kisha ikapungua na kukoma baada ya mita mia mbili tatu, mara nyingi ni ya nyama tu: bega, paja au juu ya mgongo. Wengi wa hawa hupona.

Manyoya nayo husema. Manyoya meupe hutoka chini ya tumbo, na yale marefu ya kijivu yenye ncha nyeusi hutoka juu karibu na mgongo. Yaokote, yatie kwenye karatasi.

Mshale wangu ulikuwa na kijani. Niliuona, niliunusa, na bado nilisubiri saa moja tu, kwa sababu giza lilikuwa linaingia nami nilitaka yaishe. Nilimkurupusha mita 90 kutoka pale. Nilimsikia akinyanyuka gizani, matawi yakivunjika, kisha kimya.

Sikujua wakati ule kwamba watu wa kwetu wenyewe wana elimu hii tangu zamani. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huko Tanzania, wanaowinda kwa mishale yenye sumu, wakishampiga mnyama mkubwa hawamkimbilii. Humwacha sumu ifanye kazi, hurudi kambini, kisha huenda kundi zima kufuata nyayo, mara nyingi asubuhi yake. Subira kwao ni sehemu ya silaha.

Ubishi wa kusubiri: joto, mvua na mbwa mwitu

Septemba, msimu unapoanza, joto la mchana linaweza kupita nyuzi 25, na nyama huharibika haraka. Mvua hufuta damu. Koyote, mbwa mwitu wadogo wa huku, nao wananusa. Je, usisubiri?

Nionavyo, kwa tumbo na ini subiri hata hivyo. Mnyama aliyekurupushwa hutapata nyama yake wala amani yako. Mvua ikija, damu itapotea, lakini mnyama aliyelala bado yupo mita 150 kutoka hapo, na unaweza kumtafuta kwa macho na kwa mbwa. Pale tu unapokuwa na hakika ya mapafu ndipo mvua ni sababu ya kwenda upesi.

Wakati wa kusubiri usikae peke yako ukijisulubu. Una simu tatu za kupiga.

Ya kwanza ni kwa mwenzako mwenye uzoefu, mtulivu, asiyeongea sana. Mmoja au wawili wanatosha. Kundi la watu sita hukanyaga ushahidi wote.

Ya pili ni kwa wenye mashamba yanayopakana. Damu haisomi mipaka, ila sheria inaisoma. Omba ruhusa kabla ya kuvuka uzio, hata kama mnyama unamwona amelala ng'ambo. Ukikataliwa, mpigie askari wa wanyamapori wa eneo lako akushauri. Usivuke kwa siri. Kwetu sisi wageni, hilo lina uzito wa ziada: mtu mweusi mwenye upinde na tochi kwenye shamba la asiyemjua, usiku, anahatarisha zaidi ya leseni.

Ya tatu, piga mapema iwezekanavyo, ni kwa mwenye mbwa wa kufuata damu. Majimbo mengi ya Marekani sasa yanaruhusu mbwa aliyefungwa kamba ndefu kumtafuta kulungu aliyejeruhiwa, Wisconsin ikiwemo. Kuna chama kiitwacho United Blood Trackers chenye orodha ya wenye mbwa hao jimbo kwa jimbo. Wengi hutumia dakshundi wenye manyoya magumu, mbwa wafupi wenye asili ya Ujerumani. Pua zao hufuata harufu ya mnyama yule yule mmoja hata pasipo na damu, na hata saa nyingi zikiwa zimepita. Kinachowashinda zaidi ni uwanja uliokanyagwa na watu wenye damu kwenye viatu. Ukipoteza alama, simama, uwapigie, kabla hujazungukazunguka.

Droni usizirushe kabla hujauliza. Majimbo mengine yanazikataza katika uwindaji, na mengine yana masharti. Vivyo hivyo kubeba upinde usiku unapofuata damu: uliza sheria ya pale ulipo.

Kufuata damu

Beba tochi mbili, maji, tishu nyeupe, simu yenye ramani iliyopakuliwa, na chupa ya kupulizia yenye haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Vuli, majani ya mepo na mwaloni yamejaa madoa mekundu yanayofanana na damu kabisa. Pulizia: damu itatoa povu, jani halitatoa.

Tembea pembeni mwa njia ya mnyama, kamwe si juu yake. Kila unapoona damu, weka kipande cha tishu kwenye tawi, kwenye usawa wa kiuno. Baada ya alama kumi geuka nyuma: utaona mstari, nao utakuonyesha alikoelekea hata damu ikikatika. Usitazame chini tu. Damu hupaka ubavuni mwa majani marefu, kwenye mashina, chini ya magogo aliyoyaruka. Piga magoti. Kuna alama zisizoonekana na mtu aliyesimama.

Mmoja asimame kwenye damu ya mwisho asiondoke hapo hadi damu mpya ipatikane. Mwingine azunguke mbele kwa nusu duara, mita tano, kisha kumi, kisha ishirini. Usiongee kwa sauti. Kila hatua chache inua macho utazame mbele: sikio, ukingo wa tumbo jeupe, mguu. Ukimwona amelala kichwa kikiwa juu, rudi nyuma polepole, umpe saa nyingine kadhaa.

Damu ikikatika

Hapa ndipo watu wengi huenda nyumbani, na ndipo kazi yenyewe inapoanzia.

Tia alama ya damu ya mwisho kwenye ramani. Jiulize mnyama mwenye maumivu ya tumbo anataka nini: maji, kivuli, kichaka kizito, mahali pasipo na mtu. Nenda kwanza kwenye vijito, mabwawa, matete na vichaka vya miiba ndani ya mita 500. Pita kingo zote mbili za maji. Narudia: zote mbili.

Kisha gawanya eneo lililobaki kwa mistari, mita 10 kati ya mtu na mtu, nendeni na kurudi kama watu wanaolima matuta. Simu irekodi ulikopita ili usidanganywe na miguu yako. Siku ya pili rudi, usikilize kunguru na tai. Wao huona kabla yako.

Utaacha lini? Mimi nimejiwekea hivi: siku mbili kamili za mwanga, mbwa kama anapatikana, na kila chanzo cha maji karibu kimepitiwa. Isipokuwa dalili zote, yaani manyoya, rangi ya damu na mwendo wake, zinasema ni jeraha la nyama. Hapo, baada ya kutafuta kwa uaminifu, kumwacha atulie ni kumsaidia.

Ukimpata amechelewa: je, nyama inaliwa?

Fungua tumbo mara moja. Usiku wa chini ya nyuzi 4 nyama ya mapaja na mgongo huwa salama mara nyingi, hata kama tumbo lilitobolewa. Kata utupe sehemu zote zilizoguswa na uchafu. Usiku wa joto, nyama ya ndani ya paja karibu na mfupa ndiyo huoza kwanza. Inuse. Ikinuka vibaya au ina rangi ya kijani, usiile.

Kwa Waislamu swali huwa la pili pia, nami nimeulizwa mara nyingi msikitini. Katika Hadithi ya Adiy bin Hatim, Mtume (S.A.W.) alimweleza kwamba mwenye kurusha mshale kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kisha akampata mnyama baada ya siku moja au mbili na asione ila alama ya mshale wake, anaweza kumla, lakini akimkuta amezama majini, asile, kwa kuwa hajui kama ni maji au mshale uliomuua. Ukimkuta bado hai, mchinje. Kwa hiyo kama koyote wamekwisha kumrarua, au yuko ndani ya kijito, muulize shehe wako kabla hujatia kisu.

Usiku ule, na siku zinazofuata

Sasa yale yasiyo na ramani.

Utarudia mshale ule kichwani mara mia. Mimi nilikuwa naamka saa tisa usiku kujiuliza kwa nini sikungoja. Mke wangu aliniambia, "Baba Salma, umekuwa kama mwenye msiba." Nilikuwa na msiba kweli. Kiumbe alipata maumivu kwa mkono wangu, na hayakumfaa mtu chochote. Usimruhusu mtu akuambie kwamba ni mnyama tu. Na usijiambie mwenyewe.

Lakini majuto ni mjukuu, na mjukuu hulelewa. Yape kazi. Usiku uleule chukua daftari, andika kila kitu kabla kumbukumbu haijajipendelea: umbali, mnyama alivyokuwa amesimama, upepo, saa, mlio, rangi ya damu, ulisubiri muda gani. Andika kosa bila kulipamba na bila kulikuza. Langu lilikuwa mawili: mnyama alikuwa anatembea, nami sikumsimamisha, kisha sikungoja. Kuyaona yameandikwa kulinisaidia kuliko faraja za watu, kwa sababu makosa mawili yanarekebishika, ilhali "mimi ni mtu mbaya" hairekebishiki.

Simulia kwa mtu mmoja anayewinda na atakayekusikiliza bila kucheka. Mzee jirani aliyenifundisha upinde aliniambia kwamba naye amewapoteza watatu katika miaka 40, akanitajia mahali pa kila mmoja. Hajamsahau hata mmoja. Katika kambi ya jeshi la wanamaji ya Indian Head, Maryland, rekodi zilitunzwa kati ya 1989 na 2006 kwa wawindaji wa upinde waliokuwa wamepimwa shabaha, na kulungu waliopigwa bila kupatikana walikuwa takriban asilimia 18. Nakuambia hili usije ukadhani uko peke yako. Usilichukue kama ruhusa.

Mwambie mwenye shamba ukweli. Watoto nao, kama walijua ulikwenda kuwinda. Salma wangu, miaka tisa, aliuliza kama kulungu aliumia. Nilimjibu ndiyo. Akaniuliza kama nilimtafuta vizuri, na hapo ndipo nilipoona ugumu wa kujibu.

Kuhusu kibali chako: mahali pengi sheria haikulazimishi kumhesabu mnyama usiyempata. Katika uwindaji wa kitalii Tanzania, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kama aliyeuawa, na ada yake hulipwa. Naona ni haki. Kama dalili zinasema alikufa, jihesabie, usiwinde dume mwingine msimu huo. Mimi nilifanya hivyo, na ilinituliza.

Ikiwa wiki zinapita na usingizi haurudi, au jambo hili limefukua machungu ya zamani, hasa kwa sisi tuliotoka kwenye vita na kambi za wakimbizi ambako damu ina maana nyingine, mwone daktari, mchungaji au shehe. Si udhaifu kuacha kuwinda kabisa. Nawajua walioacha, na ninawaheshimu.

Kabla ya mshale mwingine

Upinde unaweza kuwa umepata hitilafu, kwa hiyo uujaribu kwa chembe zile zile za kuwindia. Wembe mpya kila msimu.

Kisha umbali. Mshale wa upinde wa kisasa huenda mita 85 kwa sekunde, ilhali sauti huenda mita 340 hivi. Kwa mita 27, mlio wa upote humfikia kulungu akiwa bado na karibu robo sekunde kabla ya mshale, naye huinama ili aruke, mwili ukishuka kiasi cha mshale kupita juu au kupiga vibaya. Aliyeshtuka tayari huinama zaidi. Kwa hiyo nimejiwekea mita 20, mnyama akiwa ametulia, amesimama ubavu au amegeuka kidogo kuelekea mbali nawe, mguu wa mbele ukiwa umesogea. Fanya mazoezi ukiwa juu ya dungu, umevaa koti zito, na mapigo ya moyo yakiwa juu: panda ngazi mbio, kisha rusha mshale mmoja tu. Huo mmoja wa kwanza ndio uwezo wako halisi.

Machi

Theluji ikiyeyuka, kabla majani hayajachipua, rudi ukatembee pale. Nchi inakuwa tupu, unaona mbali.

Nilirudi Jumapili moja ya mwisho wa Machi, pamoja na Salma. Tulianzia kwenye damu ya mwisho, tukashuka hadi kijitoni. Novemba nilikuwa nimetafuta ukingo wa huku wote. Maji yalikuwa ya baridi, yakifika magotini, nami nilikuwa nimechoka, nikajiambia hakuvuka. Safari hii tulivuka juu ya gogo. Mifupa ilikuwa mita 30 ng'ambo, chini ya msonobari ulioanguka, imetawanywa na koyote, fuvu likiwa na pembe zake ndogo. Salma alichuchumaa kwa muda mrefu bila kuligusa. Nililiacha pale, kwa kuwa kuchukua fuvu lenye pembe kunahitaji idhini ya askari wa wanyamapori, na sikulitaka. Nikatia alama kwenye ramani.

Tangu hapo viatu virefu vya mpira vya kuvukia maji hukaa kwenye buti la gari langu, kuanzia Septemba hadi Januari.